Barua ya Blair bado ina maswali
Ndugu yangu, unasema Tony Blair, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, aachwe, eti vita vya Iraq vimeshapita na yeye alipotoshwa na majasusi. Sikubaliani kabisa. Julai 2002, miezi karibu minane kabla ya vita, alimwandikia Rais Bush wa Marekani kwamba atakuwa naye, liwalo na liwe. Hapo hakuna jasusi aliyemshikia kalamu! Robin Cook, waziri mwenzake, naye alipewa taarifa za majasusi, lakini akajiuzulu Machi 17, 2003, siku moja kabla ya kura ya Bunge kuhusu vita hivyo. Wanajeshi 179 wa Uingereza walikufa, na Wairaki maelfu kwa maelfu, wengi wao raia. Kwa mama aliyezika mwanawe Basra, kusini mwa Iraq, hakijapita kitu. Kila Blair anaposhika maikrofoni kuizungumzia Mashariki ya Kati, aulizwe kwanza barua ile.