Saa ya ruta ikikosea, usibonyeze kitufe cha riseti

Ndugu mleta uzi, hiyo pini uliyoishika ya kubonyezea kitufe cha riseti iweke chini kwanza. Umeandika kwamba ruta yako inaonyesha tarehe 1 Januari 1970, kwamba ratiba ya kuwakatia watoto intaneti saa tatu usiku haifanyi kazi, na kwamba mhudumu wa simu wa kampuni yako amekuelekeza ubonyeze kitufe kidogo cha nyuma mpaka taa zote zizime. Umeuliza pia kama kuna haja ya kununua ruta mpya. Nami niliwahi kupewa ushauri huo kwa tatizo hilohilo, nikaufuata, na sipendi kuona mtu mwingine anaelekea kulekule.

Kitufe kile hakiwashi ruta upya tu, bali kinafuta mipangilio yote na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Kwangu kilifuta jina la mtumiaji na neno la siri la PPPoE, yaani njia ambayo ruta hujitambulisha kwa kampuni ya intaneti, pamoja na namba ya VLAN, inayoonyesha njia ya laini yangu ndani ya mtandao wa kampuni, ambavyo fundi aliviingiza siku ya kufunga laini bila kuniachia hata kipande cha karatasi. Taa ya intaneti ikawaka nyekundu na ikabaki hivyo. Ilikuwa Ijumaa jioni, fundi hakupatikana mpaka wiki iliyofuata, na nyumba nzima ikaishi kwa bando za simu wakati mke wangu alikuwa na alama za wanafunzi za kutuma kabla ya Jumatatu. Fundi alipofika alidai malipo ya kuja, akaingiza maneno mawili na namba moja, akaondoka. Nilipofungua ukurasa wa kumbukumbu za ruta, mstari wa juu kabisa ulisomeka 1970-01-01 00:00:52. Saa ilikuwa palepale.

Mhudumu aliyenishauri hakuniuliza kama ninazo taarifa za PPPoE, wala hakuuliza ruta inachukua saa wapi. Nilimlaumu, na bado namlaumu, kwa sababu kumwambia mteja afute mipangilio asiyoweza kuirudisha mwenyewe ni kumkatia huduma kwa mkono wake mwenyewe.

Saa hukosea kwa sababu ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya kutunza muda kama ile iliyomo ndani ya kompyuta. Umeme ukikatika, ruta ikiwaka inaanza kuhesabu tangu mwanzo wa 1970, au tangu tarehe ambayo programu yake ilitengenezwa, halafu inauliza saa sahihi kwenye seva ya muda kwa njia ya NTP, yaani utaratibu wa vifaa kulinganisha saa kupitia mtandao. Isipojibiwa, inaendelea na saa yake ya uongo. Usidanganyike kwa kuwa simu yako inaonyesha saa sawasawa, kwani simu inaweza kuchukua muda kutoka mtandao wa simu bila kuitegemea ruta.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya muda, na uangalie jina la seva iliyoandikwa pale. Ruta za zamani huja na seva zilizochaguliwa na mtengenezaji, na baadhi ya chaguo hizo zilikuwa mbaya: mwaka 2003, ruta za kampuni ya Netgear zilizowekewa ndani anwani ya seva moja ya Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison ziliilemea seva hiyo kwa maombi yasiyokoma. Andika pool.ntp.org badala yake, ambalo ni jina la kundi la seva za muda zilizo wazi kwa umma. Ikiwa bado haipati saa, huenda DNS, huduma inayotafsiri majina kuwa anwani za namba, ndiyo inayokwama na jina halitafsiriki. Jaribu kuandika namba moja kwa moja, kama 162.159.200.1, ambayo ni ya seva ya muda ya kampuni ya Cloudflare.

Tarehe ikishakuwa sahihi, linganisha saa na simu yako. Ikipishana kwa saa tatu kamili, ruta imeachwa kwenye GMT na inahitaji kuwekwa GMT+3. Ikipishana kwa saa moja, zima mabadiliko ya saa za kiangazi, ambayo sisi Afrika Mashariki hatunayo. Ikichelewa kwa saa sita, alama imegeuzwa, kwa sababu ruta zinazotumia mwandiko wa POSIX, kanuni ya kompyuta inayoandika alama kinyume, hutaka EAT-3 (EAT ni saa za Afrika Mashariki) kwa ukanda wetu, jambo linalowachanganya hata mafundi. Kwenye ratiba ya watoto nako, hakikisha umeandika 21:00. Ukiandika 3:00 kwa kufuata saa tatu yetu ya usiku, ruta itawakatia saa tisa alfajiri, wakati wamekwisha kulala.

Ukimaliza, hifadhi, zima ruta kwa swichi yake ya kawaida, iwashe, subiri taa ya intaneti itulie, kisha fungua kumbukumbu usome mistari ya mwisho. Ikiwa bado unaona 1970, andika hapa jina la seva uliyoweka na anwani ya DNS inayotumika, nitakujibu leoleo. Kitufe cha nyuma usikiguse mpaka uwe na jina la mtumiaji, neno la siri na namba ya VLAN kwa maandishi kutoka kwa kampuni yako. Wapigie uwadai, ni haki yako kama mteja.