skip na seek kwenye dd: kuanza kusoma na kuandika mahali sahihi

Ukiandika skip=100 kwenye dd, programu ya kunakili data kwa vipande viitwavyo bloku, hujasema iruke baiti 100. Umesema iruke bloku 100, na bloku usiyoitajia ukubwa ina baiti 512, kwa hiyo umeruka baiti 51,200. dd haitakuonya, maana kwake amri hiyo ni halali kabisa.

skip inahusu upande wa kusoma: inaruka bloku za mwanzo za faili ulilotaja kwenye if, yaani faili la kusomwa. seek inahusu upande wa kuandika: inasogeza mahali pa kuanzia ndani ya faili la of, yaani faili la kuandikiwa. Matoleo mapya ya dd ya GNU, iliyo kwenye Linux nyingi, yanakubali pia iseek na oseek, majina yaliyokuwapo tayari kwenye mifumo ya BSD. Kama toleo lako linayakubali, yatumie: i ya iseek inakwenda na if, o ya oseek inakwenda na of, na hutazichanganya saa nane za usiku.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kila upande unahesabu kwa kipimo chake. skip inahesabiwa kwa ibs (ukubwa wa bloku ya kusoma), seek kwa obs (ukubwa wa bloku ya kuandika), na count, yaani idadi ya bloku za kunakili, inafuata ibs. Ukitaja bs, pande zote mbili zinapewa ukubwa huo mmoja. Kwa hiyo amri yenye ibs=4096 obs=512 skip=10 seek=10 inaanza kusoma kwenye baiti ya 40,960 na kuandika kwenye baiti ya 5,120, ingawa namba zinafanana.

Ndiyo maana nashauri usianze na bloku. Andika kwanza pembeni namba tatu, zote kwa baiti: unaanza kusoma wapi, unaanza kuandika wapi, na unanakili kiasi gani. Kisha tafuta ukubwa wa bloku unaozigawa zote bila baki. Chukua patisheni inayoanza sekta ya 2048 na yenye sekta 1,048,576, kila sekta ikiwa baiti 512. Hiyo ni mebibaiti 1 kutoka mwanzo, na urefu wa mebibaiti 512. Amri hizi mbili zinatoa faili lile lile:

dd if=diski.img of=sehemu.img bs=512 skip=2048 count=1048576
dd if=diski.img of=sehemu.img bs=1M skip=1 count=512

Ya pili ina kasi zaidi kwa sababu inaita keneli, kiini cha mfumo endeshi, mara chache. Lakini angalia herufi: 1M ni baiti 1,048,576, ilhali 1MB kwa GNU ni 1,000,000. Ukiweka MB hapo juu, utaanza kusoma baiti 48,576 kabla ya patisheni, na faili utakalopata halitafunguka. Angalia pia ukubwa wa sekta ambao fdisk -l inauonyesha. Kwenye diski yenye sekta za baiti 4096, patisheni hiyo hiyo itaandikwa kuwa inaanza sekta ya 256; ukitumia bs=512 skip=256 utaangukia baiti ya 131,072.

Namba zisipogawanyika vizuri, wengi hukimbilia bs=1. Inafanya kazi, ila gibibaiti moja itahitaji miito zaidi ya bilioni mbili ya kusoma na kuandika. Afadhali uzitenganishe pande mbili. Kuanza kusoma kwenye baiti ya 37,000 na kuandika kwenye baiti ya 8,192, weka ibs=1000 skip=37 obs=8192 seek=1, na dd itapanga upya data katikati. Kwenye GNU kuna njia safi zaidi, ya kuiambia moja kwa moja kwamba namba ni za baiti:

dd if=a.bin of=b.bin bs=1M iflag=skip_bytes,count_bytes oflag=seek_bytes skip=37000 count=500000 seek=8192 conv=notrunc

Mahali ambapo bs=1 inafaa ni kurekebisha baiti chache tu ndani ya faili:

printf '\x90' | dd of=programu.bin bs=1 seek=$((0x1234)) conv=notrunc

Mabano yale ya sheli, $((...)), si mapambo. dd haijui heksadesimali. Kwake x ni alama ya kuzidisha, kwa hiyo seek=0x1234 ni sifuri mara 1234, na baiti yako itaandikwa mwanzo kabisa wa faili. GNU hutoa onyo kuhusu 0x, lakini onyo halizuii kazi kufanyika.

Sasa conv=notrunc, ambayo kuisahau kumewaumiza watu kuliko yote yaliyotangulia. Faili la of likiwa faili la kawaida, dd hulikata pale seek ilipofika kabla ya kuanza kuandika. Kilichoko kabla ya hapo kinabaki. Kilichoko baada yake kinakwenda. Ukirudisha ile patisheni hivi:

dd if=sehemu.img of=diski.img bs=1M seek=1

diski.img itaishia kwenye mebibaiti ya 513. Patisheni zilizofuata hazipo tena, na kama diski inatumia jedwali la patisheni la aina ya GPT, nakala ya akiba ya jedwali hilo inayokaa mwishoni nayo imekwenda. Ripoti itasema bloku 512 zimesomwa na 512 zimeandikwa, bila kosa lolote. Ongeza conv=notrunc, na ni hapo tu ilipolengwa patakapoguswa. Kwenye kifaa chenyewe, kama /dev/sdb, ukataji huo haupo, kwa hiyo aliyezoea vifaa anaweza kufanya kazi miaka bila kuijua notrunc, hadi siku anapogusa faili. Iweke kila unapoweka seek, isipokuwa unataka kukata kwa makusudi.

Ukisogeza seek kupita mwisho wa faili, nafasi ya katikati husomeka kama sifuri, na kwenye mifumo mingi ya mafaili haichukui nafasi ya diski. Kwa hiyo dd if=/dev/null of=tupu.img bs=1M seek=100 count=0 inakupa faili la mebibaiti 100 papo hapo.

Paipu, ile alama | inayopitisha data kutoka programu moja kwenda nyingine, ina tabia yake. Haiwezi kurukwa, kwa hiyo dd husoma na kutupa. Tatizo ni kwamba usomaji mmoja kutoka kwenye paipu unaweza kurudisha pungufu ya ulichoomba. Kwenye Linux paipu kwa kawaida hubeba kibibaiti 64 tu kwa wakati mmoja. dd ya GNU huuhesabu usomaji huo pungufu kuwa bloku nzima. Hivyo skip=1 yenye bs=1M inaweza kuruka kibibaiti 64 badala ya mebibaiti 1, na matokeo yakabadilika kila unapoirudia. Dawa ni iflag=fullblock:

gzip -dc diski.img.gz | dd of=sehemu.img bs=1M skip=1 count=512 iflag=fullblock

Dalili yake iko kwenye ripoti. Namba iliyo baada ya alama ya kujumlisha, kwa mfano 0+512, ni idadi ya bloku zilizosomwa zikiwa pungufu. Bloku moja pungufu mwishoni mwa faili ni kawaida. Nyingi kutoka kwenye paipu zina maana kwamba skip na count zako hazikufanya ulichotaka. seek nayo kuelekea kwenye paipu haifanyi kazi, dd itakataa.

Kunakili ndani ya faili lile lile kunawezekana, mradi uweke conv=notrunc na ujue mwelekeo. Kusogeza data kuelekea mwanzo wa faili ni salama, kwa kuwa unaandika juu ya sehemu uliyokwisha kuisoma. Kuisogeza kuelekea mwisho, sehemu mbili zikiingiliana, kutaandika juu ya data ambayo bado haijasomwa. Pitishia kwenye faili la muda.

Ukimaliza, usiiamini ripoti peke yake. cmp inaweza kulinganisha kuanzia sehemu tofauti za mafaili mawili:

cmp -n 536870912 -i 1048576:0 diski.img sehemu.img

Namba baada ya -i ni baiti za kuruka katika faili la kwanza na la pili, na -n ni baiti za kulinganisha. Hapa hakuna bloku, ni baiti tupu, kwa hiyo chukua zile namba tatu ulizoandika pembeni mwanzoni, si zile ulizoipa dd. Vinginevyo utarudia kosa lile lile na cmp itanyamaza kana kwamba mambo yako sawa.