Mnaokuja Würzburg, mji wenyewe mnaujua?

Wadogo zangu mnaokuja Würzburg huku Ujerumani kusoma au kufanya Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya unesi, kila anayenitafuta anauliza baridi na hela tu. Sawa, koti utanunua, ila watu wa hapa huwaelewi kama hujui walikotokea.

Kwanza usiwaite Wabavaria! Jimbo ni Bavaria ndiyo, lakini wenyewe ni Wafranken, watu wa eneo la Franken, Bavaria imewachukua moja kwa moja 1814, kabla ya hapo karne na karne mji ulikuwa chini ya maaskofu waliotawala kama wafalme, kodi zao, jeshi lao. Ikulu yao ile Residenz nendeni, msipite tu nje mkapiga picha. Pandeni ngazi mwangalie juu, mchoraji wa Kiitaliano Tiepolo kachora mabara manne darini, Afrika ni mwanamke kakaa juu ya ngamia, ndivyo walivyotuwaza miaka ya 1750 huko hata hawajatuona.

Lile dari lilipona vita kwa bahati, mji haukupona. 16 Machi 1945 ndege za Uingereza zilishusha mabomu kama dakika 20 hivi, watu karibu 5,000 wakafa na katikati ya mji pakateketea karibu pote, kwa hiyo nyumba nyingi mnazoziona za kizamani zimejengwa upya. Kila mwaka tarehe hiyo, saa tatu na dakika ishirini usiku, kengele za makanisa zinalia. Mkiwa zamu kwenye nyumba ya wazee zimeni TV, msianze kubadilisha shuka, kaeni nao tu. Kuna bibi alikuwa haongei na mimi kabisa, usiku ule ndo alinisimulia mambo ya mama yake mpaka zamu ikaisha.

Halafu Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, ukisema umetoka Tanzania utaulizwa Mwanza. Mimi mtu wa Tabora, nilishachoka kukataa, siku hizi nasema ni jirani maongezi yaendelee.

Bia ipo ila hapa ni mji wa mvinyo, jioni kukiwa na jua watu wanajaa daraja la zamani la mto Main na glasi mkononi. Glasi ina dhamana, rudisheni mpewe hela yenu.

Na chumba anzeni kutafuta mkiwa bado Bongo, Oktoba wanafunzi wote wanaingia kwa mpigo na vyumba vinaisha. Mtu akitaka deposit kabla hujaona mkataba, achana naye.