Shangazi, nimefungua simu ya mume wangu

SWALI: Asalaam aleykum shangazi. Niko Tanga, nina watoto wawili, mume wangu dereva wa lori la Tunduma, akiondoka hata wiki mbili. Juzi yuko anaswali isha nikashika simu yake, pasiwedi ni mwaka aliozaliwa kifungua mimba wetu, nikakuta kila mwisho wa mwezi anatuma elfu hamsini kwa namba aliyoisevu "Fundi" ila ukisoma meseji ya muamala jina ni la mwanamke. Toka siku hiyo silali, akirudi nanusa mashati, nachungulia simu, na yeye kashtuka kabadilisha pasiwedi. Nikimuuliza si atajua nilimpekua? Nifanyeje?

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu, pole sana. Najua kinachokunyima usingizi sio elfu hamsini, ni hilo neno Fundi.

Nianze na wewe maana ndio uliyeniandikia. Suratul Hujurat aya ya 12 imekataza dhana na hapohapo ikakataza kupelelezana, kwa sababu moja huzaa nyingine, ushaona mwenyewe, ulianza na simu sasa uko kwenye mashati. Na Mtume (s.a.w.) alimkataza msafiri kuwavamia watu wa nyumbani kwake usiku ili awafumanie, hadithi ya sahaba Jabir hiyo, ipo kwenye kitabu cha Imamu Muslim. Kaambiwa mume lakini na wewe inakugusa.

Ila sitakwambia uvumilie tu unyamaze, hapo wengi wanakosea. Mtume alikuwa itikafu, yaani kakaa msikitini kwa ibada, kumi la mwisho la Ramadhani, mkewe bi Safiyya akaja usiku kumtembelea, alipoondoka Mtume akatoka kumsindikiza. Wakapita Ansari wawili, Waislamu wenyeji wa Madina, walipomuona wakaharakisha. Akawaita, polepoleni, huyu ni Safiyya binti Huyay. Wakasema subhanallah, yaani sisi tukudhanie wewe? Akawajibu shetani hupita kwa mwanadamu kama damu, niliogopa asitie kitu nyoyoni mwenu. Sasa mwanangu, Mtume mzima, hakuna wa kumtuhumu, na bado kaeleza kabla hajaulizwa! Mumeo ni nani hata aone kuulizwa ni kuvunjiwa heshima? Pengine anamsaidia dada yake au yatima wa mwenzie, sijui, pengine kuna ndoa ya siri, lakini lolote liwalo analo deni la kukueleza.

Kwahiyo safari hii akirudi mwache ale, apumzike, watoto walale, halafu anza na kosa lako: mume wangu nilishika simu yako bila ruhusa, nisamehe. Ndio umuulize, Fundi ni nani? Ukishauliza nyamaza, usimjibie. Akikasirika siku hiyo usishindane, mpe siku mbili tatu. Akiendelea kukataa kusema, Suratun Nisaa aya ya 35 imeweka njia, mtu mmoja wa kwao na mmoja wa kwenu, watu wazima wenye kifua, sio shoga yako wala grupu la wasapu. Na simu hiyo mwanangu, tangu leo usiishike tena.