Barua kwa Mwanangu: Namba Iliyodhaniwa Kuwa Tasa

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Umeniandikia kwamba biti 32 za kompyuta hutosha kuandika namba 4,294,967,296 tofauti, na kwamba ukiongeza 1 unapata 4,294,967,297. Ukaniuliza kama namba hiyo ni tasa, yaani isiyogawanyika kamili ila kwa 1 na kwa yenyewe, na mtu asiye na kikokotoo angeijuaje.

Si tasa. Aliyedhani ni tasa hakuwa mtu mdogo, maana ni Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa, ambaye mwaka 1640 alikuwa ameona kwamba 2 ikipandishwa kwa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ikaongezwa 1, huzaa 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa, naye akaamini kwamba hata ya kipeo cha 32, ambayo ndiyo namba yako, ingekuwa hivyo. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba namba yako ni 641 mara 6,700,417.

Utakumbuka tulivyokuwa tukipanga mafungu ya dagaa pale Mwaloni Kirumba: mafungu 12 yalikubali safu 3 za manne manne, lakini 13 yalikataa safu zozote zilizo sawa isipokuwa safu moja ndefu. Kuipima namba yako ni kuitafutia safu namna hiyo, na kwa kuwa kipeuo chake cha pili kinazidi 65,536 kwa kiasi kidogo sana, ungelazimika kujaribu namba tasa zote zisizozidi kipeuo hicho, nazo ni 6,542, kazi ya kumchosha yeyote. Hapo ndipo ninapomheshimu Euler zaidi, kwa kuwa baadaye alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Mwanangu, chujio hilo ni la ajabu: kuanzia mwanzo hadi 641 linaacha 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe, basi.

Jana usiku nilikaa mezani na kalamu nikagawa kwa 641. Katika 4,294 inaingia mara 6, baki 448. Nikateremsha 9, ikawa 4,489, ikaingia mara 7, baki 2. Nikateremsha 6, kisha 7, na kila mara nikaandika sifuri. Nikateremsha 2, ikawa 2,672, ikaingia mara 4, baki 108. Nikateremsha 9, ikaingia mara 1, na baki lile lile la 448 likarudi. Tarakimu ya mwisho ilikuwa 7, nikapata 4,487, ambayo ni 641 mara 7 kamili. Niliiangalia karatasi ile kwa muda mrefu.

Baada ya 65,537 hakuna tasa nyingine ya aina hii iliyopatikana hadi leo. Inayofuata, ya kipeo cha 64, iligawanywa na Fortuné Landry mwaka 1880, na kigawo chake kidogo ni 274,177. Safari hii chujio ni 128 badala ya 64: kigawe kigawo hicho kwa mkono, uniandikie kilichobaki.

Mama yako