Mwongozo wa kurasa 40 ndani ya skrini ya simu

SWALI: Ninaandika maelezo ya programu ya mikopo hapa Kisumu. Inatumiwa na makarani wa vyama vya akiba na wanachama wenyewe kwenye simu. Meneja anataka mwongozo wetu wa kurasa 40 uingizwe ndani ya programu: alama ya kuuliza kando ya kila kitufe, pamoja na madirisha yanayojitokeza kumtembeza mtumiaji mgeni hatua kwa hatua. Wengi hukwama kwenye fomu ya wadhamini. Nitumie zana gani?

JIBU: Zana iache kwanza. Anza na hiyo fomu.

Ikiwa nambari ya simu ya mdhamini lazima ianze na 254, liandike sharti hilo juu ya kisanduku, lionekane muda wote. Usiliweke ndani yake kwa maandishi hafifu, maana mtu akigusa herufi ya kwanza tu linatoweka, na hapo ndipo alipokuwa akilihitaji. Afadhali zaidi, waombe wasanidi, yaani wanaoitengeneza programu, waifanye ikubali 07, 01 na +254 zote. Hapo hutakuwa na la kueleza.

Kisha soma ujumbe wa makosa. "Ombi limekataliwa" humrudisha mwanachama kwenye foleni ya karani. "Akiba ya mdhamini haitoshi kwa mkopo huu. Punguza kiasi au ongeza mdhamini" humwezesha kumaliza kazi akiwa palepale Ahero, bila kuja Kisumu.

Linalonikera, na ninaliona kila mara, ni imani kwamba msaada ndani ya programu ni mwongozo uliokatwakatwa vipande. Wapo wanaouza madirisha ya kutembeza wageni wakiahidi kwamba simu za malalamiko zitakoma. Mtumiaji huyafunga bila kusoma, kwa sababu amekuja kuomba mkopo. Mtafiti John Carroll na wenzake waliliona jambo hili katika kampuni ya kompyuta ya IBM tangu miaka ya 1980: watu hurukia kazi na kuacha maelezo. Microsoft nao walileta kile kikaragosi cha kibanio cha karatasi katika Office 97, kikawa kinawakatiza watu kazini, na kufikia Office 2007 kilikuwa kimeondolewa.

Zile alama za kuuliza pia zichunguze. Maelezo yanayotokea kishale cha kipanya kikipita juu ya alama hayana maana kwenye simu, kwani kidole hakielei juu ya kioo. Hata kwenye kompyuta, kanuni za WCAG 2.1 za mwaka 2018, zinazohusu kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, zinataka maelezo ya namna hiyo yaweze kufungwa bila kuhamisha kishale, na yasitoweke msomaji angali anayasoma.

Kwa waandishi wote mnaoitwa siku mbili kabla ya uzinduzi "mweke msaada": kataeni mpangilio huo. Skrini iliyovurugika haitengenezwi kwa aya tatu za maelezo. Ombeni kuwepo fomu inapochorwa, maneno yote ya skrini yatengwe na msimbo wa programu, yakae kwenye faili lake, nanyi mpewe ruhusa ya kulihariri bila kumsubiri msanidi.