Maswali na majibu: Kijana mwenye usonji naye aulizwe

Ujumbe ulioingia safari hii karibu wote unahusu vijana waliobalehe. Wana usonji, na wengi wao wana ulemavu wa akili pia. Nimejibu ninaoweza. Majina ya watoto nimeyaacha.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 15, yuko kitengo cha elimu maalumu. Anasema maneno machache sana. Mwalimu wake ameniambia tuandae mpango wake yeye mwenyewe, usiofuata darasa. Sijui hata pa kuanzia. Mama, Newala.

Marahaba mama. Anza na karatasi moja. Utaratibu huu wa kupanga kwa kumfuata mtu mwenyewe ulianza Marekani na Kanada miaka ya 1980, na mwaka 2001 Uingereza ikauingiza kwenye sera yake ya watu wenye ulemavu wa akili. Wenzetu wana fomu za kurasa nyingi. Wewe huhitaji fomu.

Andika mambo matatu: watu wanampendea nini, nini kinaifanya siku yake iende vizuri, na asaidiwe vipi. La kwanza ndilo gumu, maana tumezoea kuanza na "hasomi, hasemi, ana fujo". Mtoto aliyeandikwa kwa kasoro tu, kila mwalimu mpya atampokea kama mzigo. Basi andika kwamba anaijua njia ya kwenda kwa kila ndugu, kwamba ndoo ikiwa tupu anakwenda kuchota bila kutumwa, kwamba taarabu ikianza redioni anacheka peke yake. Andika yaliyo kweli kwa mwanao, hayo yangu ni mfano.

Utauliza, asiyesema nitamuulizaje? Mwekee vitu viwili mbele yake, tuseme ming'oko na uji, uone mkono unakwenda wapi. Siku nyingine badilisha upande, kwa sababu wapo wanaoshika cha kulia kila mara bila kuchagua. Piga kwa simu picha za mahali anapokwenda: shambani, kisimani, kwa bibi, shuleni. Mwonyeshe, uangalie anarudia ipi. Kisha kwa wiki hivi uwe unaandika kilichotokea kabla hajakasirika, na kilichotokea kabla hajatulia. Daftari hilo litakueleza mengi kuliko mtaalamu atakayemwona kwa nusu saa.

Siku ya kukaa na mwalimu kuandika mpango, naye awepo. Msikae watu wazima mkekani mkipanga maisha yake huku yeye mmemwacha uani. Akikaa dakika tano akaondoka, haidhuru. Na mwite mtu anayempenda yeye, hata kama hana cheo. Mara nyingi ni binamu yake au muuza duka, wala si mwenyekiti wa kijiji.

Jambo moja zaidi, ambalo Mmarekani Michael Smull amelifundisha kwa miaka mingi: tenganisha anachokitaka yeye na kinachohitajika kwa afya na usalama wake. Tuseme ana dawa ya kifafa: ni lazima ainywe. Kuinywa na uji wala si na maji, akiwa amekaa barazani kwake, hilo ni lake. Mpango wenye lazima tupu ni kama kulazwa hospitali, na wenye matakwa matupu humdekeza kijana. Yote mawili yaingie.

Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mjomba, na kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Mpwa wangu ana miaka 13, ana usonji. Likizo ijayo wenzake wanaingia jandoni. Wazee wanasema asipoingia atabaki mtoto maisha yake yote. Mama yake analia. Niamue vipi? Tandahimba.

Mjomba, kauli ni yako lakini ngozi ni yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kusikilizwa na kushiriki katika yanayomhusu. Mpwa wako anaweza, hata kama kwake maoni ni kuziba masikio na kukimbia.

Kutahiriwa na kukaa jandoni ni mambo mawili, yatenganishe. Tohara ifanyike hospitali, kwa ganzi, na daktari aambiwe mapema kwamba kijana ana usonji. Kabla ya siku yenyewe mpeleke akaione hospitali, akae kwenye benchi, arudi nyumbani. Mwonyeshe kwa picha kitakachofuata, pamoja na kidonda na bandeji. Kumshika kwa nguvu watu wanne atakukumbuka nako mpaka uzeeni.

Ama jando lenyewe, wanachokipata wenzake ni kuhesabiwa watu wazima. Hilo anastahili, na wazee wana haki ya kulidai. Basi apate jina jipya kama wenzake, apate nguo mpya, siku ya kutoka atembee nao. Kulala huko wiki kadhaa, pasipo na mtu anayemwelewa, sikushauri. Ngoma inategemea mtoto: wapo wanaoipenda kuliko chakula, na wapo ambao inawaumiza masikio hasa, wala si utovu wa adabu. Kama wako ni wa aina hii ya pili, aje kwa muda mfupi, akae mbali, na awe na mtu wa kumwondoa mara atakapoonyesha dalili. Midimu, wale wachezaji wa vinyago, isimkimbize kwa makusudi ati awe jasiri. Atajifunza kuogopa watu waliovaa sura za ajabu, basi.

Halafu kuna suala la siri. Vijana wengine wakiambiwa "ya huku hayasemwi nje" wanajua mpaka wa maneno hayo. Mpwa wako atayachukua neno kwa neno. Kesho mtu mbaya akimgusa na kumwambia ni siri, atanyamaza. Atakayekuwa mlezi wake jandoni amfundishe waziwazi, na arudie: mtu akikuumiza au akikushika sehemu za siri, mwambie mama, mwambie mjomba.

Mwalimu shikamoo. Binti yangu ana miaka 14, usonji na ulemavu wa akili. Ameanza hedhi. Pedi anaivua popote, juzi kaivulia sokoni. Somo wake anasema asichezwe unyago, hataelewa. Mama, Lindi mjini.

Marahaba. Kwanza angalia pedi yenyewe. Wengi wenye usonji hawavumilii ile nailoni inayochakarisha na kunata. Jaribu kitambaa cha pamba kilichokwisha kufuliwa mara nyingi kikawa laini, na chupi inayokaa vizuri. Avae kwa muda mfupi siku ambazo hana damu, azoee. Ukutani bafuni bandika picha za hatua: toa, funga, tupa, vaa nyingine, nawa. Kanuni iwe moja na fupi, na nyumba nzima iiseme kwa maneno yaleyale: "Chooni na chumbani tu."

Na achezwe. Ila unyago wake uwe wa masomo mafupi yanayorudiwa kwa miezi, kwa picha au mwanasesere, si usiku mmoja wa nyimbo za mafumbo. Fumbo kwake ni kelele. Ajue hedhi, usafi, na nani anaruhusiwa kumgusa na kwa kazi gani. Ya kumpendeza mume hayamhusu mtoto wa miaka 14, na hapo simung'unyi maneno. Kama ghafla anakataa kuguswa, halali, au anamkimbia mtu fulani, usingoje aseme. Piga 116, simu ya bure ya kuhudumia watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Mjukuu wangu ana miaka 14, ana usonji. Wengine wanasema ni chanjo, wengine ni shetani wa baharini, mganga anataka mbuzi wawili. Siku hizi anakodoa macho na kuanguka. Bibi, Kilwa Kivinje.

Shikamoo bibi. Mbuzi wabaki zizini. Usonji unatokana na namna ubongo unavyojengeka tangu mtoto yuko tumboni, na urithi una sehemu kubwa. Si malezi, si kosa la mama yake. Habari ya chanjo ilitokana na daktari Andrew Wakefield wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1998 katika jarida la madaktari la Lancet. Mwaka 2010 jarida lenyewe likaifuta makala ile, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari.

Huko kukodoa na kuanguka ndiko kunakonitia wasiwasi. Inaweza kuwa kifafa, ambacho huwapata watu wenye usonji kuliko wengine, na wakati mwingine huanza umri huu wa balehe. Kina dawa. Mpeleke hospitali ya Kinyonga wiki hii, na kama kuna mtu wa kumrekodi kwa simu akianguka, video hiyo itamsaidia sana daktari. Akishaanza dawa zisikatwe ghafla. Dua msomeeni. Kumfunga na kumfukiza moshi, hapana.

Kijana wetu wa miaka 16 anatoroka alfajiri kwenda pwani. Tumeanza kumfungia ndani kwa kufuli. Baba, Mikindani.

Baba, hofu yako ni ya haki, kwani kuzama majini ni miongoni mwa mambo yanayowaua zaidi watoto wenye usonji wanaotoroka. Lakini kufuli siku nyumba ikishika moto litakuwa kaburi. Tundika kengele mlangoni. Wavuvi na mama lishe wa pwani wamjue sura, wajue jina lake na asivyopenda kushikwa. Namba yako ya simu ishonwe ndani ya shati. Atafutiwe mtu wa kumfundisha kuogelea, umri haujampita. Maji yakipwa pale anaweza kwenda mbali sana kwa miguu, na yakianza kujaa yamkute huko, kwa hiyo jueni siku za bamvua na saa za maji kujaa.

Zaidi ya yote, mpeni bahari yake. Iwekwe kwenye ratiba ya picha: kila siku jioni, pamoja na kaka yake. Anayejua kwamba atakwenda ana sababu ndogo ya kutoroka.

Mdogo wangu ana miaka 17, anamaliza shule mwakani. Anaweza kazi gani? Jirani anamtumia kuokota korosho, halafu anampa soda. Kaka, Masasi.

Kazi ameshaipata, ujira ndio haujapatikana. Jirani alipe kama anavyowalipa wengine, na fedha ashike yeye, kwenye kopo lake, anunue anachotaka hata kama ni biskuti.

Korosho zinawafaa vijana wengi wa namna hii: kuokota, kuitoa korosho kwenye bibo, kuanika, kuchambua nzuri na mbovu. Ni kazi ya kurudiarudia yenye mwanzo na mwisho unaoonekana. Igawe hatua, umpe ndoo yenye alama ya pa kufikia, na ajue ikijaa anapumzika wapi. Kubangua kwa kukaanga asipewe, mafuta ya ganda yanababua ngozi, na siku za kupuliza salfa akae mbali na shamba. Akitimiza miaka 18, mwulizie kwa afisa maendeleo ya jamii habari za mikopo ya halmashauri. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo hiyo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu.

Ila mjaribishe na mengine pia kabla hamjaamua: kufua, kufuga kuku, duka la mjomba. Akiweka ndoo chini akaondoka siku tatu mfululizo, ameshajibu.